Alcaraz aachana na Ferrero: kocha wa tenisi anachangia kiasi gani?

Tarehe 17 Disemba 2025, Carlos Alcaraz, wakati huo akiwa namba moja wa tenisi duniani kwa upande wa wanaume, alitangaza kwamba haendelei tena na kocha wake Juan Carlos Ferrero. Walianza kazi pamoja mwaka 2018, kijana huyo akiwa na umri wa miaka 15. Kufikia siku hiyo alikuwa ameshinda mataji 24. Sita kati yake yalikuwa ya Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa ya Melbourne, Paris, London na New York. Mwaka 2025 peke yake alishinda mechi 71 na kupoteza 9 tu.

Ferrero aliandika kwamba angependa kuendelea. Magazeti ya Uhispania yakaandika juu ya mkataba mpya ambao pande mbili hazikuelewana. Mambo ya feza na mkataba watayajua wenyewe. Kinachoshangaza ni wakati uliochaguliwa. Kwa kawaida mchezaji hufukuza kocha akiwa anashindwa. Huyu ameachana naye akiwa juu kabisa, wiki chache kabla ya kwenda Melbourne kutafuta taji pekee la Grand Slam ambalo alikuwa hajawahi kulishinda.

Ndiyo maana swali la zamani limerudi kwenye midomo ya watu wa tenisi. Alcaraz ni hodari kwa sababu ya Ferrero, au Ferrero anaitwa kocha mkubwa kwa sababu ya Alcaraz?

Kwenye mpira wa miguu kila mtu anajua kazi ya kocha, au antrenere kama wengi wanavyomuita Goma na Bukavu. Anapanga nani aanze, anabadilisha wachezaji, anapiga kelele pembeni ya kiwanja kwa dakika 90. Timu ikipoteza mara tatu mfululizo, wakubwa wa klabu wanamuondoa yeye, si wachezaji. Tenisi ni kinyume. Hapa mchezaji ndiye anaajiri kocha, anamlipa kutoka mfukoni mwake, anamkatia tiketi ya ndege, na siku akichoka anamuaga. Kocha anakula mkono wa yule yule anayepaswa kumkemea. Bila kuelewa jambo hilo, mengi yanayosemwa juu ya makocha wa tenisi yanapotosha.

Tena kuna mtego wa hesabu. Makocha wenye majina makubwa huitwa na wachezaji ambao tayari ni wakubwa. Halafu wanaitwa mara nyingi baada ya kipindi kibaya: mchezaji amepoteza mechi nyingi, ameumia, amevunjika moyo, anabadilisha kocha. Baada ya miezi michache anaanza kushinda tena. Je, kocha mpya ndiye amemponya, au alikuwa anaelekea kurudi kwenye kiwango chake hata bila mtu? Mpira wa miguu una ugonjwa huo huo: timu inafukuza kocha ikiwa chini, inapanda kidogo, na kocha mpya anabebwa mabegani kwa jambo ambalo pengine lingetokea tu.

Kuna mifano inayoonyesha kwamba kocha ni kila kitu, na mingine inayoonyesha kwamba si kitu. Yote ni ya kweli.

Mwaka 2003, mwezi wa 12, Roger Federer aliachana na Peter Lundgren, kocha aliyekuwa naye aliposhinda Wimbledon kwa mara ya kwanza. Mwaka 2004 wote alicheza bila kocha wa kudumu. Watu walimuona kama mwenda wazimu. Alishinda Australia, Wimbledon na New York, akamaliza mwaka na ushindi 74 na mechi 6 tu za kupoteza. Nick Kyrgios wa Australia naye alikaa miaka mingi bila kocha, na mwaka 2022 akafika fainali ya Wimbledon.

Upande mwingine yuko Andy Murray wa Uingereza. Kufikia mwisho wa 2011 alikuwa amecheza fainali tatu za Grand Slam bila kushinda hata seti moja. Januari 2012 alimchukua Ivan Lendl, mtu mkali asiyecheka ovyo, ambaye yeye mwenyewe zamani alipoteza fainali zake nne za kwanza kabla ya kushinda. Mwaka ule ule Murray alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki na taji la New York. Mwaka 2013 akashinda Wimbledon, mwanaume wa kwanza wa Uingereza kufanya hivyo tangu 1936. Machi 2014 wakaachana, na mataji ya Grand Slam yakakauka. Juni 2016 Lendl akarudi. Wiki chache baadaye Murray akashinda tena Wimbledon, halafu dhahabu ya pili ya Olimpiki, na mwezi wa 11 akawa namba moja duniani. Mataji yake yote matatu ya Grand Slam aliyapata Lendl akiwa amekaa pale pembeni.

Mfano wa Murray unavutia, lakini hata huo una nyufa. Alipoachana na Lendl alikuwa ametoka kupasuliwa mgongo miezi michache nyuma, na miaka iliyofuata Novak Djokovic alikuwa hashikiki. Lakini pia ni vigumu kusema Lendl alikuwa bahati tu. Hakumfundisha Murray kupiga mpira, maana Murray alijua kupiga mpira tangu utoto. Alimletea kitu ambacho watu wachache sana duniani wanacho: alijua mtu anasikia nini tumboni asubuhi ya fainali ya tano baada ya kupoteza nne.

Mfano wa Federer nao unadanganya ukiusoma haraka. Ni kweli mwaka 2004 hakuwa na kocha, lakini mchezo wake ulikuwa umejengwa zamani. Akiwa mtoto kwenye klabu moja ya Basel, alipita mikononi mwa Peter Carter, kocha kutoka Australia ambaye nje ya Uswisi watu wachache walimjua. Carter alifariki mwaka 2002 katika ajali ya gari huko Afrika ya Kusini, kabla mwanafunzi wake hajashinda taji kubwa hata moja. Kwa hiyo nyumba aliyoingia Federer mwaka 2004 ilikuwa imeisha kujengwa, na fundi alikuwa amezikwa. Kusema kwamba aliishi bila fundi ni kusahau nani alipanga matofali.

Hapo ndipo jambo lote linapogeuka. Watu wanamtazama kocha wanayemuona kwenye televisheni, mwenye miwani ya jua na kofia ya kampuni. Mchango mkubwa zaidi mara nyingi umetolewa miaka kumi kabla, kwenye kiwanja kisicho na kamera, na mtu ambaye jina lake halitajwi.

Rafael Nadal anatumia mkono wa kulia kuandika. Kama mtoto alikuwa anapiga mpira kwa mikono miwili pande zote. Ndugu wa baba yake, Toni, aliyemfundisha tangu akiwa na miaka karibu minne, alimuelekeza kwenye mkono wa kushoto, na mpira ule wa kushoto unaoruka juu na kujipinda ukawatesa wapinzani kwa miaka karibu 20, hasa pale Paris alikoshinda mara 14. Djokovic naye alikuwa na miaka sita hivi, mwaka 1993, wakati mama mmoja mwalimu wa tenisi, Jelena Gencic, alipomuona mlimani Kopaonik ambako wazazi wake walikuwa na mgahawa wa pizza. Serena na Venus Williams walianzia kwenye viwanja vya Compton, Marekani, na baba yao Richard, ambaye alijifunza tenisi kwenye vitabu na video ili aweze kuwafundisha. Patrick Mouratoglou, kocha Mfaransa aliyepata umaarufu mkubwa kupitia Serena, alimkuta mwaka 2012 akiwa tayari na mataji 13 ya Grand Slam. Pamoja walishinda mengine 10, na hiyo si kazi ndogo kwa mwanamke aliyekuwa amepita miaka 30. Lakini asiyejua historia anaweza kufikiri kwamba Mouratoglou ndiye aliyemuumba.

Alcaraz mwenyewe hakuanzia kwa Ferrero. Alizaliwa El Palmar, karibu na mji wa Murcia, katika familia ya tenisi: baba yake alikuwa anaongoza shughuli za tenisi kwenye klabu ya hapo. Alipita kwanza kwa Kiko Navarro, kocha wa klabu hiyo. Ferrero, ambaye mwaka 2003 alishinda Roland Garros na kuwa namba moja duniani, alimpokea kwenye shule yake ya tenisi huko Villena akiwa na kipaji ambacho kila mtu tayari alikuwa anakiona. Kwa hiyo Ferrero hakumpa mkono wala miguu. Alimpa vitu vingine, na hivyo ndivyo vya kupima.

Cha kwanza ni kutomharibu. Uhispania imejaa vijana waliotajwa kuwa "Nadal mpya" na hawakufika. Kati ya miaka 15 na 19, mwili unakua, feza zinaanza kuingia, watu wa matangazo wanapiga simu. Kocha wa wakati huo anaamua kijana acheze mashindano mangapi, apumzike lini, apande ngazi ya wakubwa lini. Akikosea, bega au mgongo wa mtoto unakwisha kabla ya miaka 20. Alcaraz alishinda New York mwaka 2022 na kuwa namba moja akiwa na miaka 19, kijana kuliko mwanaume yeyote kabla yake katika orodha ya ATP. Hiyo haikutokana na kipaji peke yake.

Cha pili ni ufundi, na hapa kuna jambo linaloweza kuonekana kwa macho. Servisi ya Alcaraz, yaani pigo la kuanzisha mpira, ilikuwa sehemu dhaifu ya mchezo wake. Kabla ya msimu wa 2025 waliibadilisha, mkono ukaanza kwenda bila kusimama njiani. Kwenye mashindano ya New York mwezi wa 9, katika mechi saba, wapinzani waliweza kumnyang'anya servisi mara tatu tu. Huo ni mchango wa kocha unaoshikika. Lakini ukweli ni kwamba kazi hiyo haikuwa ya Ferrero peke yake. Samuel López, aliyemfundisha kwa muda mrefu Pablo Carreño Busta na ambaye tangu mwisho wa 2024 alikuwa ndani ya timu ya Alcaraz, alikuwepo pia. Na López ndiye aliyebaki.

Cha tatu ni kigumu zaidi kupima, na pengine ndicho kitakachokosekana: mtu wa kusema hapana. Katika filamu ya Netflix juu ya maisha ya Alcaraz, iliyotoka mwezi wa 4 mwaka 2025, mvutano ulionekana wazi. Kijana alitaka kwenda Ibiza kustarehe na marafiki baada ya Roland Garros. Kocha aliona muda wa kujiandaa kwa majani ya Uingereza unapotea. Ferrero alisema mbele ya kamera kwamba jinsi Alcaraz anavyoelewa kazi na kujinyima inampa mashaka kama kweli anaweza kuwa mkubwa kuliko wote katika historia. Mwajiriwa anasema maneno kama hayo juu ya mwajiri wake, na dunia nzima inasikia. Na cha ajabu, mwaka 2024 Alcaraz alienda Ibiza, kisha akashinda Wimbledon. Nani alikuwa na haki? Kijana anaweza kusema starehe ndiyo iliyompa nguvu. Kocha anaweza kusema kwamba kwa kukazana zaidi angeshinda mengi zaidi. Hakuna mashine ya kurudisha mwaka nyuma ili kuona.

Toni Nadal alikuwa na bahati ambayo Ferrero hakuwa nayo. Amesema mara nyingi kwamba hakulipwa na Rafael. Riziki yake ilitoka kwenye biashara ya familia. Aliweza kumkemea bingwa wa dunia bila kuogopa mwisho wa mwezi, na alibaki hadi 2017. Kocha mwingine yeyote anapima maneno yake.

Kuna pia imani kwamba kocha anashinda mechi kwa maelekezo ya pembeni. Zamani sheria ilikataza. Mwaka 2018, katika fainali ya New York dhidi ya Naomi Osaka, Serena Williams alipewa onyo kwa sababu Mouratoglou alimfanyia ishara kwa mikono, na kelele za siku ile hazijasahaulika. Mouratoglou alikiri kwamba kweli alikuwa anaelekeza. Kuanzia 2022 wanaume walianza kuruhusiwa kwa majaribio, na tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria za shirikisho la tenisi la kimataifa, ITF, zinaruhusu kocha aliyekaa pembeni kusema na mchezaji wake kati ya pointi. Melbourne waliwajengea makocha vibanda karibu kabisa na kiwanja. Matokeo? Wale wale walioshinda kabla ndio wanaoshinda sasa. Mwaka 2025 Alcaraz na Jannik Sinner wa Italia waligawana Grand Slam zote nne, mbili kwa mbili. Kama maneno ya kati ya pointi yangekuwa na uzito unaodaiwa, orodha ya mabingwa ingetikisika.

Sinner mwenyewe ni somo kwa yeyote anayemlilia Ferrero. Tangu akiwa na miaka 13 aliishi na kufanya mazoezi Bordighera chini ya Riccardo Piatti, kocha anayeheshimiwa sana Italia. Februari 2022 alimuacha, akiwa tayari kati ya kumi wa kwanza duniani. Wengi Italia walisema kijana amepotea. Alimchukua Simone Vagnozzi, kisha Darren Cahill wa Australia, akafika kwenye mataji manne ya Grand Slam na kuwa namba moja. Piatti alijenga, wengine wakamalizia. Kwa upande mwingine, Emma Raducanu wa Uingereza alishinda New York mwaka 2021 akitokea mechi za mchujo, bila kupoteza seti hata moja, akiwa na Andrew Richardson. Wiki chache baadaye aliachana naye. Tangu hapo amepita kwa makocha wengi, ameumia mara nyingi, na kufikia mwisho wa 2025 alikuwa hajashinda taji lingine. Sinner alibadilisha akiwa na mpango. Kwa Raducanu, kila kocha aliyekuja alianza upya kabla wa mbele yake hajamaliza kazi.

Ukiwa Bukavu au Uvira, mazungumzo haya ya mamilioni yanaonekana ya mbali. Lakini ng'ambo ya ziwa, Bujumbura, kuna mfano unaosema zaidi ya Ibiza na Netflix. Sada Nahimana wa Burundi alikuwa kati ya wasichana bora wa Afrika akiwa kijana. Ili aendelee alilazimika kuondoka nyumbani na kwenda kwenye kituo cha ITF huko Casablanca, Moroko. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake, alipita pia kwenye kituo cha ITF Nairobi. Mwaka 2022 alishinda Wimbledon ya vijana kwa wachezaji wawili wawili, Mkenya wa kwanza kupata taji la Grand Slam kwa ngazi hiyo. Baadaye akaenda chuo kikuu cha Auburn, Marekani, ambako masomo na kocha vinalipiwa pamoja.

Kwa wasichana hao kocha si mtu wa kuongeza asilimia mbili kwenye servisi. Kocha maana yake ni kitanda, chakula, viwanja, mipira, visa, na wapinzani wa kiwango chako kila siku. Mashindano ya chini kabisa ya wanawake watu wazima yana dola 15.000 za kugawana washindani wote. Anayetolewa mzunguko wa kwanza harudishi hata nauli ya ndege, na akitaka kusafiri na kocha, tiketi inakuwa mbili, chumba kinakuwa viwili. Ndiyo maana wachezaji wengi wa namba 200 au 300 duniani wanazunguka peke yao, wakijitafutia mtu wa kupiga naye mipira asubuhi. Tofauti kati ya kuwa na kocha na kutokuwa naye ni kubwa mno kwa mtoto wa miaka 12 asiye na kitu. Kwa namba moja wa dunia, ni ndogo. Na feza zote zinaenda kule ambako tofauti ni ndogo.

Kwa hiyo kuachana na Ferrero hakuwezi kumsahaulisha Alcaraz kucheza. Mikono, miguu, servisi mpya na yale mapigo ya kudondosha mpira karibu na wavu viko mwilini mwake. López anamjua vizuri. Mwaka 2024 Ferrero alipokuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, yeye ndiye aliyekwenda naye Melbourne, ambako Alexander Zverev aliwatoa robo fainali.

Mashindano ya Melbourne yalianza tarehe 18 Januari 2026. Akishinda, ilikuwa rahisi kusema Ferrero alikuwa wa nini. Akitolewa mapema, ilikuwa rahisi kusema kosa lilikuwa la kumuacha. Majibu yote mawili yangekuwa ya haraka, kwa sababu mwili uliocheza Januari ulitayarishwa na Ferrero mwaka mzima. Pa kutazama ni kati ya mwezi wa 4 na wa 7, wakati mashindano ya udongo na ya majani yanafuatana karibu bila kupumzika, uchovu unaingia, na mtu mmoja ndani ya timu anatakiwa kumwambia kijana tajiri, anayemlipa mshahara, kwamba wiki hii hakuna kwenda popote.